Kutoa niliweza, kupokea kulinishinda: kiburi nilichokiita utumishi

Shemasi_Mabanga (mwanzisha uzi)

Bwana asifiwe, wapendwa.

Jambo hili niko nalo moyoni tangu 2021. Mara mbili nimeanza kuliandika, nikafuta. Jumapili iliyopita zamu ya kuhubiri ilinifikia, somo likawa unyenyekevu. Nilisimama dakika arobaini nikisema maneno mazuri, watu wakaitikia amina, na mimi najua ndani kwamba nilikuwa nasema habari za nchi ambayo sijafika. Niliporudi nyumbani sikula. Leo naandika.

Mimi ni shemasi hapa Goma, mashariki mwa Kongo, katika kanisa ambalo sina haja ya kulitaja. Kwa miaka saba nilishika mfuko wa wajane na maskini. Kila Desemba tulikuwa tunagawa mchele kilo 5, maharage kilo 3, chupa ya mafuta na vipande viwili vya sabuni, na mwaka ukiwa mzuri tunaongeza kikwembe (kitenge). Tuligawa mbele ya kanisa baada ya ibada, watu wote wakiwa wamesimama wanatazama. Mimi ndiye nilikuwa nasoma majina. Mama akisikia lake anatoka, anakunja goti kidogo, anapokea kwa mikono miwili, kijana anapiga picha. Na kama picha haikutoka vizuri, nilikuwa naushikilia mfuko. Mikono ya mama iko chini ya mfuko, yangu iko juu, mfuko hauendi, tunangoja simu ya kijana. Wakati ule sikuona ubaya. Nilidhani naweka kumbukumbu ya kazi ya Mungu.

Mmoja wa hao alikuwa mama anayeuza makala, yaani mkaa, kule Mabanga Kaskazini. Vidole vyake vilikuwa vyeusi hata siku ya Noeli, maana weusi wa makala hautoki kwa kunawa mara moja. Kila mwaka alikuwa na neno moja tu: "Aksanti, papa." Anaondoka. Mimi nikimtazama nilikuwa nafurahi, na ile furaha niliiita upendo.

Sasa mnakumbuka Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, volkano yetu ya Nyiragongo ilipopasuka jioni, uji wa moto ukashuka mpaka Buhene. Siku zilizofuata ardhi ikawa inatikisika usiku na mchana. Alhamisi tarehe 27, gavana wa kijeshi akatangaza kwamba kartiye (mitaa) 10 kati ya 18 za mji ziondoke mara moja. Mabanga zote mbili zilikuwamo. Tulitoka kwa miguu kuelekea Sake, kilomita kama 25, mimi, mke wangu, watoto wanne na godoro moja. Barabara ilijaa watu kuliko nilivyowahi kuiona. Usiku tukalala kwenye baraza la shule, mvua ikitupiga upande mmoja.

Siku ya pili jioni namwona yule mama wa makala anakuja na sufuria. Dada yake anaishi Sake, kwa hiyo yeye alikuwa na mahali pa kulala na jiko la kupikia. Kasikia shemasi wake yuko kwenye baraza, kapika birayi (viazi) na maharage, kaleta. Nikamwambia, "Sisi tumekula, mama."

Mwanangu wa tatu, wakati ule alikuwa na miaka sita, akasema kwa sauti: "Papa, hatujakula tangu jana."

Yule mama hakujibu neno. Aliweka sufuria chini, akafungua bido ya njano (dumu la maji) aliyokuja nayo, akaniambia, "Papa, leta mikono." Nikasema nitanawa mwenyewe. Akasimama vilevile, bido imeinama mkononi, akarudia: "Leta mikono." Jamani, kuinyoosha ile mikono kulinichukua muda mrefu kuliko ile safari yote. Maji yalikuwa baridi. Vumbi jeusi la barabarani likawa linatiririka kutoka kwenye kucha zangu, linapita juu ya vidole vyake, sikuweza kutofautisha weusi wake na wangu. Alininawisha mpaka maji yakatoka meupe. Nilikula nimeinamisha kichwa, watu wa pembeni wakadhani nasali.

Usiku ule sikulala kwa sababu ya Petro. Nimefundisha Yohana 13 mara nyingi, na kila mara nilikuwa namsifu Petro kwa kumwambia Bwana, "Wewe hutaniosha miguu kamwe." Nilikuwa nasema: tazameni mtu anayejua nafasi yake! Kwenye baraza la Sake ndipo nilipoelewa kwamba lile neno la Petro lilikuwa kiburi kilichovaa kanzu ya unyenyekevu. Hakutaka kuwa upande wa anayepokea, akiwa amekaa, miguu yake michafu mkononi mwa mwingine. Mimi pia sikutaka. Miaka saba nilitoa kwa bidii, na kumbe kutoa kwangu kulikuwa ngazi. Kadiri nilivyotoa ndivyo nilivyopanda, na hao waliopokea nilihitaji wabaki chini ili ngazi isimame.

Tena angalieni yule Farisayo wa Luka 18. Sala yake inaanza kwa shukrani. "Ee Mungu, nakushukuru." Hakusema uongo hata kidogo: alifunga kweli mara mbili kwa juma, zaka alitoa kweli. Ushuhuda wake ungepokelewa na vigelegele katika makanisa yetu yote ya Goma. Shida ni ile "si kama watu wengine," na jicho lake lililokwenda pembeni kumtafuta mtoza ushuru ili kipimo kikamilike. Mimi mtoza ushuru wangu alikuwa mama wa makala. Nilimhitaji kila Desemba.

Naomba msinipe pole. Naomba mniambie: ninyi mlikitambuaje kiburi kinachojificha ndani ya kazi ya Mungu? Maana kile cha gari na nyumba ya etaji (ghorofa) kila mtu anakiona.

Mama_Keshero

Papa shemasi, nimekusoma mara mbili. Niruhusu niseme kutoka upande wa pili wa mfuko.

Mwaka 2002 nilikuwa na duka la vikwembe katikati ya mji. Tarehe 17 Januari moto wa Nyiragongo ulipita mjini, ukala duka, ukala Kanisa Kuu la wakatoliki, ukala kila kitu njiani mpaka ziwani. Tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka kule Rwanda, tukalala chini, tajiri na maskini kwenye majani yaleyale. Mume wangu hakupona ile huzuni, akafariki baada ya miaka miwili. Ndivyo nami jina langu lilivyoingia kwenye orodha ya wajane.

Unajua tulifanya nini siku ya kugawa? Tulichagua nguo. Nilikuwa na kikwembe kimoja kizuri kilichobaki, lakini siku ile nilikiacha sandukuni nikavaa kilichopasuka. Maana mwaka wa kwanza nilikwenda safi, nimejifunga kitambaa kichwani vizuri, na mwenye orodha akanitazama akasema mbele ya watu, "Huyu naye anahitaji?" Tangu hapo nilijua kwamba kabla ya kupata mchele natakiwa kwanza kuonyesha unyonge. Tulikuwa tunaambizana tukiwa kwenye mstari: leo usicheke sana.

Sisemi haya kukuumiza. Ule mchele tuliula na watoto walishiba, Mungu awalipe. Lakini ulipoandika juu ya kushikilia mfuko, mikono yangu ilikumbuka. Nilidhani ni mimi tu niliyeona.

Na ya kwangu pia niiseme, nisijifanye msafi. Nilikuwa nawadharau wenzangu kwenye mstari ule. Nilikuwa najiambia, mimi niko hapa kwa sababu ya moto, hawa wako hapa kwa sababu ni hawa. Njaa yetu ilikuwa moja na bado nilitafuta mtu wa kumzidi.

Msukuma_Chukudu

Mzee shemasi, heshima kwako, na mama Keshero pia. Miye sina masomo mengi, nitasema kama ninavyofikiri.

Kila Jumapili tunahubiriwa unyenyekevu. Anayehubiri amekuja na gari, sisi tumekuja kwa miguu. Sasa miye nishuke wapi tena? Toka Kibumba mpaka mjini goti langu moja liko juu ya kipande cha raba kilichopigiliwa kwenye chukudu, ile baiskeli ya mti ya kubebea mizigo, nyuma yangu kuna magunia ya birayi. Napiga goti toka asubuhi. Polisi ananisimamisha, nanyenyekea. Mwenye mali anapunguza bei tuliyopatana, nanyenyekea. Pale kwenye mzunguko tumejengewa sanamu ya rangi ya dhahabu, lakini anayeendesha chukudu ya mti wanamwita chukudu, hata jina lake hawaulizi.

Kwa hiyo nauliza kweli, si kubishana: Yesu anataka maskini ajishushe tena? Maana hapa Goma ukijishusha watu wanapita juu yako.

Binti_wa_Kwaya

Kaka, asante kwa swali lako, limenipa nguvu ya kuandika.

Papa shemasi, mimi ni binti kwenye kwaya (si kanisa lako, nadhani). Tulichanga dola 10 kila mmoja kwa ajili ya sare. Tulikuwa 34. Miezi minane ikapita, sare hakuna. Niliuliza kwenye mkutano, kwa adabu kabisa, nimesimama, nimesema "wazazi wetu, naomba tujue pesa imefika wapi." Jibu nililopewa lilikuwa: "Binti, nyenyekea." Baadaye wakanisomea 1 Petro 5:5, vijana watiini wazee. Nikasimamishwa kuimba miezi miwili kwa ajili ya kiburi.

Nilikaa benchi la nyuma ile miezi miwili nikajichunguza sana. Nilisali, nikasema Bwana, kama ni kiburi nionyeshe. Sijui mpaka leo kama nilikosea sauti. Lakini nimeogopa neno hilo. Nikilisikia mimbarini moyo unafunga, kama mtu aliyepigwa na fimbo fulani akaiona tena imesimamishwa ukutani.

Shemasi_Mabanga

Binti yangu, nimesoma nikasimama, nikatoka nje, nikarudi. Nitasema ukweli: neno hilo hilo nimewahi kumwambia kijana aliyeniuliza juu ya daftari la mfuko. Pesa ilikuwa kamili, sikuiba hata faranga. Ila nilichukia kuulizwa. Nilimjibu "jifunze unyenyekevu kwanza," na kwa kuwa sikuiba nilijiona nina haki. Katika miaka yangu yote kanisani sijawahi kusikia neno "nyenyekea" likipanda kwenda juu. Daima linashuka, kama maji ya paa.

Mdogo wangu wa chukudu, swali lako ni kubwa kuliko mimi. Naona tu kwamba lugha yetu wenyewe imetenganisha. Kudhiliwa ni kitu unachofanyiwa. Kunyenyekea ni kitu unachofanya mwenyewe, ukiwa na uwezo wa kutokufanya. Polisi anayekunyang'anya hakufundishi unyenyekevu, anakudhili, na Mungu ataulizia hilo. Mimi niliwadhili wajane huku nikidhani nawasaidia wawe wanyenyekevu. Mwenye majibu zaidi aje.

Mkatekista_Kadutu

Ndugu zangu wa Goma, nawasalimu kutoka Bukavu. Mimi ni mkatoliki, mtanivumilia.

Kwanza, huyo binti alisomewa nusu ya mstari. Ile 1 Petro 5:5 inaanza kweli na vijana kuwatii wazee, lakini haiishii pale. Inaendelea palepale: "Naam, ninyi nyote, jifungeni unyenyekevu, mpate kuhudumiana." Ninyi nyote, pamoja na mwenye funguo za sanduku. Na mistari miwili juu yake, Petro amewakataza wazee wasijifanye mabwana juu ya kundi. Anayesoma kuhusu vijana akaacha hayo, amekata mkate akachukua upande wenye nyama.

Tena angalieni neno "jifungeni." Katika Biblia yetu ya Kiswahili, Yohana 13 inasema Yesu aliondoka chakulani, akaweka kando mavazi yake, akatwaa kitambaa, akajifunga kiunoni. Jifunga na jifunga. Nimewaza mara nyingi: huyu Petro anayeandika waraka ndiye yuleyule aliyekataa kuoshwa. Miaka imepita, ni mzee sasa, na anapotaka kuueleza unyenyekevu kinachomjia ni kitambaa kiunoni. Ile jioni haikumtoka. Papa shemasi, na wewe ile bido ya njano haitakutoka, wala usiombe ikutoke.

Halafu jibu la Yesu kwa Petro: "Kama nisipokuosha, huna shirika nami." Sisi hapa Bukavu jumuiya zetu ndogo za kartiye tunaziita mashirika, na kila juma tunakutana katika nyumba ya mmoja wetu. Nina miaka mingi nikiongoza shirika na sikuwahi kuunganisha maneno hayo mpaka niliposoma uzi huu. Anayetoa tu na hapokei hana shirika na mtu. Ni mfadhili. Amebaki mlangoni na mfuko wake.

Niwaambie jambo moja la Alhamisi Kuu. Padre anaosha miguu ya watu kumi na wawili. Tangu 2016 Papa Fransisko alirekebisha kanuni, hata wanawake wanaoshwa. Mimi ndiye ninayewachagua, na kila mwaka naona jambo moja: wote wanakuja miguu imekwisha kuoshwa nyumbani. Wamesugua visigino kwa jiwe, wamepaka mafuta, wengine wamenunua soksi mpya. Padre anamwaga maji juu ya mguu unaong'aa. Hakuna hata mmoja anayeleta mguu wa matope ya Kadutu kwetu hapa Bukavu, na mnayajua matope ya Kadutu. Mwaka huu mama mmoja mzee alinyong'onyea kabisa, akaniambia ana fangasi kwenye vidole, nimtafute mwingine. Nikamtafuta mwingine! Nimekuwa nikijilaumu tangu Pasaka. Yeye ndiye mtu pekee aliyekuwa na mguu wa kuoshwa.

Mtakatifu Augustino alikuwa Mwafrika, alizaliwa 354 huko Thagaste, leo ni Aljeria. Kijana mmoja aitwaye Dioscorus alimwandikia akitaka majibu ya maswali mengi juu ya vitabu vya Cicero, mwandishi wa Kirumi, kwa sababu alikuwa anasafiri na hakutaka aonekane mjinga mbele za watu. Augustino, aliyekuwa askofu, alimjibu kwa barua ndefu, na ndani yake akamwambia kwamba njia ya kuifikia kweli, ya kwanza ni unyenyekevu, ya pili ni unyenyekevu, ya tatu ni unyenyekevu, na hata ukiuliza mara ngapi nitakujibu hivyo. Mimi napenda kwamba alimwandikia hayo mtu aliyeogopa kuonekana mjinga. Nadhani kiburi chetu kingi ni woga huo, ila umepandishwa sauti.

Jirani_Katindo

Kwa kaka wa chukudu.

Umeuliza kama kunyenyekea ni kukubali kukanyagwa. Mimi namfikiria mtoto wa mji wetu, Floribert Bwana Chui. Alizaliwa hapa Goma 1981, akaajiriwa ofisi ya serikali inayokagua bidhaa zinazovuka mpaka. Jioni zake alikuwa na jumuiya ya kikatoliki ya Sant'Egidio, akiwafundisha maibobo, watoto wa barabarani, kusoma na kukaa nao mezani. Walimletea rushwa apitishe chakula kilichoharibika. Akakataa. Wakaongeza, wakatisha, akakataa. Julai 2007 walimteka, wakamtesa, wakamuua, ana miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri kule Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta.

Kwa mtoto wa barabarani asiyekuwa na kitu alikaa chini. Kwa mwenye pesa aliyetaka watu walishwe sumu alisimama wima. Ni moyo uleule. Angekuwa na kiburi angefanya kinyume: angewafukuza maibobo na kuinama kwa mwenye bahasha. Chunguza mtu yeyote hapa mjini, tazama anainama kwa nani na anasimama kwa nani, utajua.

Nakuomba basi usiite unyenyekevu unapompa polisi pesa yako kwa woga. Wewe umeporwa. Unyenyekevu wako nimeuona mahali pengine: umeandika hapa mbele ya wasomi, umesema sina masomo mengi, ukauliza.

Msukuma_Chukudu

Nimeelewa, mkubwa. Huyo Floribert nilisikia jina tu, habari ya maibobo sikuijua. Miye nililala barabarani kule Birere miaka mitatu nikiwa mdogo, kwa hiyo umenigusa mahali.

Niongeze moja tu. Chukudu ikibeba gunia nyingi, kwenye mlima hauwezi peke yako. Lazima uite mtu asukume nyuma. Wako wenzetu wanaokataa kuita, wanataka waonekane wana nguvu. Mmoja mwaka jana ilimrudia, ikamvunja mguu. Alikuwa anapita watu kumi njiani, wote wangesukuma.

Mama_Keshero

Mwalimu wa Kadutu, yule mama wa fangasi bado yuko? Pasaka nyingine inakuja. Lakini usingoje Pasaka.

Binti_wa_Kwaya

Asante, mwalimu, kwa nusu ya pili ya mstari. Nimeiandika kwenye daftari la nyimbo.

Shemasi_Mabanga

Wapendwa, nimechelewa kurudi, majuma matatu. Nataka niwaambie yaliyofanyika, na yasiyofanyika.

Daftari la mfuko wa wajane nimelifikisha kwenye mkutano wa kanisa lote, la miaka saba, limesomwa na vijana wawili, mmoja wao yule niliyemwambia ajifunze unyenyekevu. Nilimwomba radhi kwanza peke yetu, halafu mbele ya watu, maana nilimjibu mbele ya watu. Alipokuwa anasoma aligundua nilikosea kujumlisha 2018, jumla ilionekana kubwa kuliko ilivyokuwa, kwa faranga elfu kumi na mbili. Mwili wangu ulipata moto. Nilitaka kueleza, nikawa nimefungua mdomo kabisa. Nikaufunga.

Picha tumeziacha. Tumekubaliana mfuko uende nyumbani kwa mtu, jioni, na apelekaye akae, aongee, akikaribishwa maji anywe. Baadhi ya wazee hawakupenda, wanasema wafadhili wa nje watataka ushahidi. Tunaendelea kuzungumza. Na niseme hili pia: siku tulipoamua hivyo nilirudi nyumbani nikijisikia mtu mkubwa, shemasi aliyerekebisha mambo, nikaanza kupanga nitakavyowasimulia hapa. Mke wangu akaniuliza mbona unatabasamu peke yako. Ndipo nikakaa wiki nyingine bila kuandika.

Jumamosi nilikwenda Mabanga Kaskazini kwa mama wa makala. Miaka yote hii hatukuwahi kuzungumza juu ya Sake. Nilimwambia nimekuja kuomba radhi kwa kuushikilia mfuko. Alinyamaza sana. Halafu akasema, "Papa, mimi nilikuwa natazama viatu vyako. Kila mwaka vilikuwa vipya." Basi. Hakuongeza kitu, wala hakuniambia nimekusamehe kwa maneno hayo tunayoyapenda kanisani. Akanipa kiti, akaendelea kupimia wateja makala kwa ndoo yake, nami nikakaa pale karibu saa nzima, nikawa nawafungulia mifuko.

Wengine wenu mnajua, tangu benki zilipofungwa hapa Goma mwanzoni mwa 2025 sisi wa mishahara tunaishi kwa kuunganisha. Nadhani alikuwa amesikia. Nilipoaga akajaza nusu gunia, akalifunga kwa kamba ya sandarusi, akalisukuma kwa mguu mpaka mbele yangu. Mkono ulikwenda mfukoni, mna faranga elfu mbili tu, nikazitoa. Akazitazama, akanitazama, akasema, "Leta mikono."

Nikanyoosha. Akaniinulia gunia mpaka begani.

Nilipita nalo barabara kuu, shati jeupe, watu wa kanisa wananisalimia kutoka upande ule. Nyumbani mke wangu alipoliona akauliza nimenunua shilingapi. Nikamwambia nimepewa.